Fomu ya Rekta, Kabla ya Saa Tisa

Fomu imeletwa asubuhi, ina visanduku kumi na viwili,
kila kimoja upana wa kidole gumba.
Kitivo cha Fasihi na Sanaa: jaza mafanikio ya mwaka.
Kwa tarakimu, wamesisitiza chini, wakapigia mstari.
Nami, Mujinga Kalumba, karani wa miaka kumi na tisa,
nimevaa miwani, nimepangusa vumbi la Kasapa mezani
(vumbi jekundu, halijui likizo),
nikaanza kuhesabu.

Makala zilizochapishwa: saba.
Ya nane imelala kwenye droo ya Profesa Kapend,
haijasogea tangu mkewe alipolazwa.
Sikuihesabu.
Ila nimeisoma. Ukurasa wa tatu una sentensi moja juu ya subira
iliyonisahaulisha chai mpaka ikafanya utando.

Makongamano: mawili.
Katika la pili umeme ulikatika saa nne, na ukumbi hauna dirisha.
Tuliendelea hivyo hivyo,
kila msemaji akimulikwa kwa simu ya mpinzani wake.

Wageni waalikwa.
Hapa kalamu inasita.

Mwezi wa nane wanafunzi walicheza mchezo wao
katika karakana ya reli iliyokufa,
mchezo wa tanuru, na wanaume walioyeyuka kabla ya shaba.
Chansa, kapakwa masizi ya sufuria ya dada yake,
anachota mchanga kwa beleshi, anaguna, anatoa jasho la maji ya chupa,
mara akasimama mtu safu ya tatu,
kavaa koti la harusi ya zamani:
«Kijana! Beleshi halishikwi hivyo.
Utavunjika mgongo kabla ya saa sita.»
Tukacheka.
Yeye hakucheka.
Alipanda jukwaani, akavua koti, akalikunja kama barua,
goti la kushoto mbele, mkono wa kulia chini,
na pale penye mchanga pakawa na moto.
Naapa. Nilimwona Chansa akirudi nyuma, akikinga uso.
«Ngandwe, sogea,» mtu yule akasema. «Petelo, maji!»
Akawaita mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja
aliyekuwa kwenye orodha ya waigizaji.
Kisha akauliza bukari iko wapi, maana zamu imekwisha.

Nimeandika: 1.

Shahada za uzamivu: tatu.
Tarakimu haina pa kumweka mama yake Kyabu Mwepu,
aliyetoka Kipushi na kuku hai ndani ya kikapu
akasinzia utetezi mzima, nadharia zikimpita kama malori,
hadi profesa mmoja mwenye tai akatamka, kwa shida,
neno ambalo yeye mama huliita manyunyu ya mwisho,
yale yanayokuja mvua ikiwa imeshaaga.
Kyabu alilichukua jikoni kwao, akaliweka sura ya pili.
Mama akashtuka, akaitika
kama mtu aliyeitwa na jirani.
Neno lenyewe silitaji. Kamusi yao haijatoka,
na mimi si wa kuwatangulia.

Vitabu vya maktaba vilivyookolewa paa lilipovuja: hakuna kisanduku.
Kuku: hakuna kisanduku.

Mapato yaliyoletwa na kitivo.
Nimekitazama hiki kwa muda.
Tiketi za karakana zilinunua mafuta ya jenereta,
na jenereta, bwana, haikuwaka.
Sifuri, basi. Nimeichora duara safi,
mkono wangu haujawahi kuchora nzuri zaidi.

Saa tisa kasoro dakika nne, tarishi anabisha.
Nageuza fomu. Nyuma ni peupe, hapaulizi kitu.
Naandika Ngandwe. Naandika Petelo.
Kwa penseli,
ili anayetaka kufuta afute kwa mkono wake.